SIMU HAINYONYESHI, LAKINI INAITA MSAADA
(Mazungumzo ya wajumbe wa akina mama wa Kamati ya Jamii, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya akina mama wanaonyonyesha kwa mara ya kwanza na matumizi ya simu ya mkononi. Tutasema yaliyotupata, mazuri na mabaya, ili watakaotufuata wasirudie makosa yetu.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Kule nyumbani, binti akijifungua kifungua mimba, mama yake au shangazi huhamia kwake. Ndiye anayemwonyesha jinsi ya kumpakata mtoto, ndiye anayeamka naye usiku. Hapa kambini binti anajifungua huku mama yake amebaki Fizi, au amehamishiwa Marekani, au amekwisha kufa. Akitoka wodini, yuko peke yake na mtoto anayelia.

Ndiyo maana tukashika simu. Jambo hili hatukulibuni sisi. Hapa Tanzania kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza mwaka 2012: mama aliandika neno "mtoto", akalituma kwenda namba 15001, akapokea ujumbe wa bure kwa Kiswahili. Afrika Kusini ilianzisha MomConnect mwaka 2014. Sisi tulifanya kwa udogo wetu. Mjumbe wa kila kijiji aliandika namba za wazazi wapya, akawatumia ujumbe mfupi. Mwenye shida alibipu, mjumbe akampigia. Wakunga walitusaidia kuandika mafundisho haya:

1. Mtoto awekwe titini ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo, yasimwagwe. Ndiyo kinga yake ya kwanza.
2. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, uji wala dawa za kienyeji. Baada ya hapo aanze chakula, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.
3. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Titi linalonyonywa ndilo linalotengeneza maziwa.
4. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, achukue sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu.
5. Kuanzia siku ya 5, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, ni dalili kwamba anashiba.

Sasa tuseme lililotuumiza. Binti mmoja mwenye mtoto wa siku 6 alituandikia: "Analia sana, maziwa hayatoki." Mjumbe wetu akamjibu aendelee kunyonyesha mara kwa mara. Kesho yake akaandika tena: "Sasa halii, amelala tu." Wakati huo simu ya mjumbe ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajisha. Aliusoma ujumbe jioni, akakimbia, akakuta mtoto amelegea na tangu asubuhi hajakojoa. Walipelekwa hospitali, na tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Mkunga alipomtazama akinyonya aliona tatizo mara moja: alikuwa anashika ncha ya chuchu tu. Ujumbe wetu ulikuwa wa kweli, ila simu haikuuona mdomo wa mtoto. Kosa lilikuwa letu, si la binti yule.

Tangu siku hiyo tumebadilika. Mjumbe hufika mlangoni kwa mzazi mpya kabla ya siku ya 3 kwisha, hata kama hajaitwa, na humtazama mtoto akinyonya. Kila kijiji kina simu 2, ili moja ikiwa kwenye chaji nyingine iwe hewani. Tukisikia mtoto hataki kunyonya, amelegea, ana homa, degedege au anapumua kwa shida, au mama ana homa na titi jekundu linalouma, hatuandiki ushauri. Tunakwenda, na safari ni ya hospitali.

Tumejifunza pia kwamba simu nyingi ni za waume. Mwanzoni baba wengine walikasirika kuona ujumbe wa matiti. Tukakaa nao, tukawaeleza, na sasa ujumbe wetu huanza: "Baba na mama wa mtoto." Mambo ya siri hatuyaandiki kamwe. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha, lakini hilo lizungumzwe ana kwa ana na mhudumu wa afya.

Ndugu zetu wa mashirika, tuna maombi matatu. Kwanza, vocha na sola ya kuchajishia, maana wajumbe wanalipa mfukoni mwao. Pili, mgao wa mama anayenyonyesha. Hata mama aliyekonda hutoa maziwa yanayomfaa mtoto, lakini mwili wake ndio unaolipa, na ujumbe wa simu haushibishi. Tatu, maziwa ya kopo yasigawiwe ovyo. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kuyatangaza kwa akina mama, na penye shida ya maji safi, chupa huleta kuhara. Yatima na wengine wanaoyahitaji kweli wayapate chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Na ninyi mabinti zetu, kubipu si usumbufu. Hata iwe saa 8 za usiku, bipu. Mama yako yuko mbali, sisi tuko hapa, na tutakuja kwa miguu.