Alama za Kivinjari na Ulinzi wa Akaunti za Wanaouza Bidhaa Nje ya Nchi kwa Njia ya Mtandao

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Kinampanda, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida



Kila aliyekuwa na laini ya simu katika nchi hii anakumbuka shughuli iliyoanza tarehe 1 Mei 2019, pale laini zote zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Watu walipanga foleni, na wapo waliorudi mara mbili tatu kwa sababu vidole vilivyochubuliwa na mpini wa jembe vilikuwa vigumu kusomwa na mashine. Muda uliokuwa uishe tarehe 31 Desemba 2019 uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Pamoja na usumbufu huo wote, jambo moja lilikuwa wazi. Mwenye kidole aliombwa kidole chake, akakitoa mwenyewe, na alijua kinachukuliwa kwa kazi gani.

Mazungumzo haya yanahusu alama ya aina nyingine, ambayo mwenyewe haombwi na mara nyingi hajui kwamba imechukuliwa. Nayo ni alama ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti katika simu au kompyuta.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi alama hiyo inavyopatikana. Kivinjari kinapofungua ukurasa hutoa maelezo kadhaa ili ukurasa uonekane vizuri: ukubwa wa kioo, lugha iliyochaguliwa, majira ya saa ya mahali hapo, toleo la programu, aina za herufi zilizomo, na hata namna chombo kinavyochora picha ndogo isiyoonekana na mtumiaji. Kila moja ya habari hizo peke yake haina uzito, kwani wenye saa ya Afrika Mashariki ni mamilioni. Zikiunganishwa zote, hata hivyo, huweza kubainisha chombo kimoja kati ya maelfu, kama vile mtu anavyotambulikana kwa mwendo wake kabla uso haujaonekana. Mwaka 2010 mtaalamu Peter Eckersley alipima vivinjari 470,161 na kukuta kwamba asilimia 83.6 vilikuwa na alama isiyofanana na ya kingine chochote katika hesabu hiyo. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2018 nchini Ufaransa, uliohusu alama zaidi ya milioni mbili, ulipata asilimia 33.6 tu, na kwa simu asilimia 18.5. Simu za toleo moja hufanana kuliko kompyuta, na kwa hiyo alama hii haina uhakika wa kidole cha binadamu. Kasoro hiyo ina madhara yake, kama itakavyoelezwa.

Habari hizi zinaihusu Kinampanda kwa sababu biashara ya eneo hili haiishii tena kwenye gulio. Mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji wa Mkoa wa Singida hutafutwa na wanunuzi wa ndani na wa nchi jirani, na mazungumzo ya bei siku hizi huanza kwenye simu kabla lori halijafika Misigiri. Aidha, Chuo cha Ualimu kimeleta hapa vijana wengi wanaojua kutumia mitandao, na baadhi ya wakazi huwategemea wao kuwafungulia akaunti za mauzo. Akaunti hiyo ndiyo duka lenyewe. Humo zimo sifa zilizoandikwa na wanunuzi wa zamani, mawasiliano yao, na pahali fedha zinapoingilia.

Masoko makubwa ya mtandaoni na makampuni ya malipo hutumia alama ya kivinjari kumtambua muuzaji wao. Akiingia kwa chombo kilekile cha siku zote, hupita bila maswali. Akaunti iliyozoeleka kufunguliwa Iramba ikifunguliwa ghafla kwa chombo kigeni kutoka nchi ya mbali, huulizwa uthibitisho au husimamishwa. Kwa upande huo alama ni mlinzi, na mlinzi wa maana.

Lakini mlinzi huyo hamjui mtu. Anajua chombo tu. Ichukuliwe mfano wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti, ambao hawana kompyuta, wakaazima ya kijana ili wafungue akaunti. Kama kompyuta hiyo iliwahi kutumiwa na mtu mwingine ambaye akaunti yake ilifungwa kwa udanganyifu, mitambo ya soko huweza kuzihesabu akaunti zote mbili kuwa za mtu mmoja. Akaunti ya kikundi itasimamishwa, mafuta yamekwisha kujazwa madumu, mnunuzi anasubiri, na barua ya maelezo inayotumwa hujibiwa na mashine. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekosea isipokuwa katika kuazima. Kwa hivyo inasisitizwa kwamba akaunti ya mauzo iwe na chombo chake maalumu, hata kama ni simu moja ya kawaida inayotunzwa na katibu wa kikundi. Simu hiyo isizungushwe kwa watoto na majirani.

Wapo watu wanaowashauri wauzaji watumie programu za kubadilisha alama, ili mtu mmoja aendeshe akaunti nyingi au aonekane yupo nchi nyingine. Wengine hukodisha akaunti zilizofunguliwa kwa majina ya watu wa nje. Sababu inayotolewa si ya uongo kabisa, kwani kupokea malipo ya kimataifa kutoka vijijini ni kazi ngumu. Hata hivyo ushauri huo ni mbaya. Anayetumia programu ya namna hiyo humkabidhi mtu asiyemjua maneno yake yote ya siri, na anayekodi akaunti hufanya biashara katika duka ambalo ufunguo wake unabaki kwa mwingine. Siku fedha zitakapokuwa nyingi ndipo mwenye ufunguo atakapojitokeza.

Hali kadhalika, alama yenyewe huibwa. Kuanzia mwaka 2018 palikuwapo soko la wahalifu lililoitwa Genesis Market. Pale hayakuuzwa maneno ya siri peke yake. Mnunuzi alipewa pia vidakuzi, yaani vile vijalada vidogo vinavyomfanya mtu abaki ameingia ndani ya akaunti, pamoja na alama ya kivinjari cha aliyeibiwa na programu ya kuivaa. Mhalifu akiingia, soko au benki iliona chombo kilekile cha siku zote, ikamwacha apite. Bei ilianzia chini ya dola moja ya Marekani. Soko hilo lilivunjwa mwezi Aprili 2023 katika operesheni ya nchi 17 iliyoongozwa na Marekani na Uholanzi, na ilibainika kwamba lilikuwa na habari zilizotolewa katika kompyuta zaidi ya milioni moja na nusu. Zana za wizi huo huingia katika kompyuta kwa njia ya kawaida sana: programu ya bure iliyovunjwa kufuli, filamu iliyopakuliwa ovyo, au faili linalosemekana kuwa ni oda ya mnunuzi. Muuzaji anayetumiwa oda na mgeni kwa faili lisilofahamika aombe iandikwe katika ujumbe wa kawaida. Mnunuzi wa kweli hatakataa.

Wengi hudhani kwamba kufungua dirisha la faragha kunaificha alama. Sivyo, dirisha hilo hufuta vidakuzi linapofungwa, lakini kioo, lugha na saa hubaki vilevile. Zipo programu, kama Firefox na Tor, zilizowekewa kinga ya kupunguza alama, nazo zinafaa kwa kusoma habari. Kwa akaunti ya mauzo kinga hizo huweza kumfanya muuzaji aonekane mgeni kila siku, hivyo zitumike kwa kuelewa.

Ulinzi ulio bora ni uthibitisho wa hatua mbili, na ni vema utolewe na programu maalumu ndani ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa laini huweza kusajiliwa upya na tapeli. Namba za uthibitisho hazitolewi kwa mtu yeyote, awe anajiita mhudumu wa kampuni, ofisa wa kodi au wakala wa usafirishaji. Wananchi walikwisha kuuzoea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na wengi sasa wanaucheka. Anayeomba namba ya uthibitisho ni mtapeli wa ukoo uleule, ila huyu amevaa nguo mpya.

Watumishi wa Serikali wana wajibu wa ziada. Kompyuta za ofisi zisitumiwe kwa akaunti za biashara binafsi, za mtumishi mwenyewe wala za jamaa anayeomba msaada wa dakika mbili. Chombo hicho kina kumbukumbu za wananchi, na zana ya wizi iliyoingia kwa mlango wa biashara haitaishia kwenye biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde na azitumie kwa kusudi lililotajwa. Nakala za vitambulisho zilizoachwa kwenye kompyuta ya umma ndizo malighafi ya kufungulia akaunti za bandia.

Muuzaji atakayeona akaunti yake imeingiliwa asipoteze muda kumtafuta aliyefanya. Kwa kutumia chombo kingine kilicho salama, abadilishe kwanza neno la siri la barua pepe, kisha la akaunti, na achague amri ya kuviondoa vyombo vyote vilivyomo ndani, kwa sababu kubadili neno la siri peke yake mara nyengine hakumtoi mwizi aliyekwisha kuingia kwa kidakuzi. Aangalie kwa *106# kama kuna laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba za matapeli zipelekwe 15040, na shauri lipelekwe kituo cha Polisi, kwani kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na wanunuzi wote wapigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa sauti na si kwa ujumbe, waambiwe kwamba namba ya kupokelea malipo haijabadilika, kabla mzigo unaofuata haujalipiwa.