Msimharakishe Rubani

Hotuba ya rubani wa ndege ndogo kwa wakazi wanaojiandaa kwenda kupiga kambi



Wengi wenu mnatoka Kawangware, Dagoretti na Karen, na kila asubuhi mnazisikia ndege ndogo zikipaa kutoka Uwanja wa Wilson. Kwa gari, safari ya Maasai Mara hula nusu siku. Kwa ndege haizidi saa moja hivi, kisha mnatua kwenye kiwanja cha changarawe au nyasi. Huko hakuna mnara wa kuongoza ndege wala gari la zimamoto. Kwa hivyo usalama wenu huanzia hapa Nairobi.

Jambo la kwanza ni uzito. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na Mara iko zaidi ya mita 1,500. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae, ilhali viwanja vya porini ni vifupi. Cessna 206, kwa mfano, pamoja na watu, mafuta na mizigo, haipaswi kuzidi takriban kilo 1,630. Ndiyo maana tunawapima ninyi na mikoba yenu. Mitungi ya gesi ya kupikia iacheni nyumbani.

La pili ni subira. Jumapili moja alasiri nilikuwa nirudishe familia mjini. Baba alikuwa na mkutano Jumatatu asubuhi. Redioni nikaambiwa Vilima vya Ngong vimefunikwa na wingu. Vilima hivyo hufika karibu mita 2,460, na viko njiani mwa anayerudi Wilson kutoka Mara. Ukiruka kwa kutegemea macho, ndani ya wingu huoni mlima mpaka umeufikia.

Mzee akaniambia, "Kapteni, wingu si ukuta. Twende tu."

Nakiri, nusura nikubali. Rubani naye ni mtu, huona haya kumkatalia aliyemzidi umri. Nikakataa. Mzee akanuna, watoto wakashangilia, mahema yakasimamishwa tena. Kesho yake wingu lilipoinuka tukarudi. Alikosa mkutano, lakini alifika kwake na watu wake wote.

Basi, msipange shughuli ya lazima siku ya kurudi. Bebeni maji na chakula cha siku moja zaidi. Mwachieni jamaa jina la kiwanja mnakokwenda na siku ya kurudi, na mumweleze kwamba huenda mkachelewa. Taka zenu rudini nazo. Porini hakuna wa kuzizoa.

Na rubani akisema tungoje, mchemshieni chai.