Chuma, Kutu na Elektroni Zinazohama

Msumari wa chuma ukitumbukizwa katika maji yaliyoyeyushiwa mrututu, ule wanaopulizia wakulima wa kahawa, haukawii kuvaa utando mwekundu. Utando huo ni shaba halisi. Buluu ya maji nayo hufifia kadiri saa zinavyopita. Kinachotokea ni kuhama kwa elektroni: kila atomi ya chuma huachia elektroni mbili na kuingia majini ikiwa ioni, na kila ioni ya shaba iliyotoka katika mrututu huzipokea hizo mbili na kuwa metali.

Kuachia elektroni ni oksidisho. Kuzipokea ni ridaksheni. Hakuna atomi inayoachia elektroni pasipo nyingine ya kuzipokea, na idadi inayotoka ndiyo ileile inayoingia. Kwa sababu hiyo wanakemia huyataja yote mawili kwa pamoja, redoksi. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika karne ya 18, alionyesha kwamba kuungua ni kuungana na oksijeni, na hiyo ndiyo maana ya oksidisho inayofundishwa kwanza shuleni hadi leo. Si makosa, ila ni finyu mno: oksijeni haina kazi yoyote katika badiliko la msumari na mrututu. Maana pana ilipatikana tu baada ya elektroni yenyewe kugunduliwa mwaka 1897.

Metali hazilingani kwa wepesi wa kuachia elektroni. Katika kipimo ambacho haidrojeni imewekwa kwenye sifuri, zinki ina volti -0.76, chuma -0.44, bati -0.14 na shaba +0.34. Yenye namba ya chini huachia, yenye namba ya juu hupokea. John Daniell aliitumia tofauti ya zinki na shaba mwaka 1836 kutengeneza betri ya volti 1.1 hivi.

Ardhini chuma hupatikana kikiwa kimekwisha kuoksidishwa. Mawe ya hematiti yana atomi mbili za chuma kwa kila tatu za oksijeni, na kila atomi ya chuma inadai elektroni tatu ili iwe metali. Katika tanuri, makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni. Molekuli tatu za gesi hiyo huchukua oksijeni zote tatu, kila moja ikitoa elektroni mbili. Jumla ni sita, na sita ndizo zinazodaiwa. Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria walifua chuma kwa njia hii, kwa makaa na mivukuto, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wao walijenga tena tanuri la namna hiyo mbele ya wanaakiolojia. Huo ni ustadi wa kemia unaostahili nafasi katika kila kitabu cha somo hili Afrika Mashariki.

Kutu hukirudisha chuma kilikotoka. Chini ya tone la maji, sehemu moja ya chuma huachia elektroni, nazo hupita ndani ya metali hadi sehemu nyingine ambako oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea. Pakikosekana maji au oksijeni, kutu haitokei. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na ndiyo sababu paa la Mombasa au Lindi huliwa upesi kuliko la Dodoma.

Mabati ya kuezekea hupakwa zinki. Hata yakikwaruzwa, zinki ndiyo inayoachia elektroni kwanza, na chuma husalimika. Mkebe uliopakwa bati ukikwaruzwa, mambo huwa kinyume: chuma huachia kabla ya bati, na hutoboka haraka. Meli za chuma hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji kwa sababu ileile ya mabati, na vipande hivyo hubadilishwa kabla havijalika vyote.