Tuoshe Matunda ya Sokoni

Najua wengine mtacheka: bwana shamba leo anatufundisha kuosha matunda! Lakini sisi tunaolima nyanya ndio hao hao tunaonunua maembe na matikiti sokoni. Nimemwona mzee mmoja, mkulima hodari kabisa, akipokea embe, akalipangusa kwenye shati, akauma.

Tuanze na tikiti. Mtu husema, ganda silili, nilioshe la nini? Kweli wewe huli ganda, lakini kisu kinalipitia. Udongo na samadi iliyoko juu huingizwa ndani ya nyama. Basi osha kwanza, ndipo ukate. Maji yawe safi na yatiririke. Kama huna bomba, mmoja amimine kwa kata, mwingine asugue kwa mkono. Maji ya mto au ya kisima cha wazi yachemshwe, yapoe. Sabuni usitie, maana tunda huweza kuifyonza. Na nyanya zilizotoka juani usizitumbukize katika maji baridi. Zikipoa ghafla hunyonya maji hapo penye kikonyo, pamoja na vijidudu. Ziache kivulini kwanza. Tena osha yale ya kula sasa tu, kwani yakiwekwa mabichi kwa maji huoza upesi.

Sasa dawa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walipaka matufaha dawa za aina mbili, wakayaloweka katika maji yenye baikaboneti ya soda, ule unga wa kuumulia, gramu 10 kwa lita. Baada ya dakika 12 hadi 15 dawa ya juu ya ganda ilitoka. Ile iliyokwisha kupenya ndani haikutoka.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, ndugu zangu. Wako wanaopiga dawa nyanya Alhamisi, na Jumamosi ziko sokoni. Mama aliyezinunua ataosha mpaka mikono ichoke, na wanawe watakula dawa. Kwenye karatasi ya chupa au pakiti zimeandikwa siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Huwezi kusoma? Mpe mtoto wa shule, au mletee bwana shamba wako. Halafu andika tarehe kwa mkaa mlangoni mwa ghala. Mimi hufanya hivyo hivyo hapa chuoni.