Trekta la Mtumba: Breki Kwanza, Jembe Baadaye



Mkulima wa Mbinga akishauza kahawa yake vizuri, hutafuta chombo cha kumpunguzia jasho. Trekta jipya ni ghali, hivyo macho huelekea kwenye lile dogo la mtumba, ambalo mengi yake huletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Wiki hii nazungumza na yule ambaye amekwisha kununua, limefika nyumbani, na majirani wamekwisha anza kuuliza bei ya kukodi.

Nasema: subiri kwanza. Siku mbili tatu za ukaguzi si hasara.

Tufikirie kazi litakayofanya. Kwenye ngoro trekta halina nafasi. Mashimo yale, ambayo Wamatengo wameyachimba miteremkoni kwa zaidi ya miaka mia moja ili mvua isichukue udongo, ni kazi ya jembe la mkono. Trekta litalima mabondeni na kwenye mpunga wa ukanda wa ziwa. Lakini mara nyingi litavuta tela: mahindi, mbolea, kahawa, matofali. Na huku kwetu kuvuta tela maana yake ni kupanda na kushuka. Mashamba ya Umatengo mengi yako juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 hivi. Kwa hiyo, kutoka vilima vya Ukata au kwingineko, anza na breki.

Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine la kulia. Shambani humsaidia dereva kukata kona. Barabarani ni lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake. Dereva akikanyaga moja tu katika mteremko, gurudumu moja hukamata, jingine huendelea, na trekta hupinduka. Hakikisha komeo lipo, na kwamba pande zote mbili hukamata sawasawa. Jaribu hendibreki ukiwa na tela tupu kabla ya kupakia. Mteremkoni ingia ukiwa tayari kwenye gia nzito. Usiweke frii wala kukanyaga klachi ili kubana dizeli. Tena, matrekta mengi ya namna hii huja bila fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka. Kama lako halina, itafute, ufunge na mkanda wa kiti.

Baada ya breki, twende kwenye injini. Mita ya saa isikudanganye, kwa maana hubadilishwa. Chukulia kwamba hakuna aliyelihudumia. Mwaga oili yote ya injini, weka mpya, badilisha na chujio. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwite fundi kabla ya kuwasha tena. Angalia pia oili ya gia, ambayo katika mengi ya matrekta haya ndiyo hiyo hiyo inayoendesha haidroliki. Badilisha chujio la dizeli, na dizeli ya pipa ichujwe kabla ya kumiminwa. Chujio la hewa la karatasi halioshwi kwa dizeli: likichoka, badilisha. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa imepoa, na mapezi yake yasafishwe vumbi na makapi. Kaza nati za magurudumu, kisha zikaze tena baada ya saa chache za kazi. Kila nipo ipate grisi.

Jambo la mwisho ni daftari. Matoleo mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani tu, na vibandiko vyake ni vya Kijapani. Nakili namba za kwenye kibati cha trekta na za injini. Bila hizo muuza vipuri hawezi kukusaidia. Andika saa za kazi kila siku, tarehe ya kila oili, na jina la dereva. Trekta la kikundi lisilo na daftari ni mali ya wote wakati wa mavuno, na mali ya hakuna mtu wakati wa matengenezo. Tuliyaona hayo baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009: pawatila zilizopelekwa vijijini, nyingine zikaishia kuegeshwa kwa kukosa kipuri na fundi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapopanga fedha ya kununua, tenga na ya kulihudumia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa trekta ukiachwa, mara nyingine hujengewa kaburi.