Ayaonayo Mgonjwa Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Mada niliyopewa katika semina hii ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya wa Gumbo, Juba, Sudan Kusini, yahusu matatizo ya kuona yampatayo mgonjwa katika majuma yanayofuata upasuaji wa mtoto wa jicho. Rai yangu, ambayo naitanguliza ili mpate kuipima kadiri tunavyoendelea, ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa, kabla kisu hakijagusa jicho lake, yale atakayoyaona baadaye. Maana asiyeambiwa ama hufadhaika kwa jambo la kupita, ama hunyamaza kwa subira mbele ya hatari ambayo ingeliwahiwa siku ile ile.

Mtoto wa jicho ni ukungu uingiao katika lenzi ya asili iliyo nyuma ya mboni, wala hakuna matone yauondoayo. Lenzi hiyo hutolewa, na mahali pake hutiwa nyingine ya plastiki. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyetibu macho huko Misri yapata mwaka 1000, alieleza namna ya kuufyonza ukungu huo kwa sindano yenye tundu. Lakini mpaka Harold Ridley alipotia lenzi ya kwanza katika jicho la mtu, London, mwaka 1949, kila aliyepasuliwa alibaki mtumwa wa miwani minene. Siku hizi, katika hospitali nyingi za Afrika, mpasuaji hukata mkato wa milimita sita au saba, akiuchonga kwa mshazari katika weupe wa jicho hata ukajifunga wenyewe, aghalabu bila uzi.

Asubuhi ya pili muuguzi hubandua plasta, huondoa pamba, hupangusa kope kwa maji safi, na mgonjwa hufumbua jicho. Wako wanaoona vema papo hapo, na wako, wasio wachache, wanaoona ukungu mwingine, machozi yakiwatiririka na jicho likiwasha kana kwamba limeingia mchanga. Ukungu huu ni wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ambayo imevimba kwa taabu ya upasuaji, na aghalabu hutoweka katika siku chache au majuma mawili, madhali matone yanatiwa kama yalivyoamriwa. Hapa Gumbo, ambapo vumbi la malori yaendayo Nimule halitulii mchana kutwa na moshi wa mkaa hujaa jikoni, mgonjwa asiyepewa ngao ya jicho wala miwani ya jua ataumia zaidi, na kidole kichafu kikilisugua jicho liwashalo huweza kuharibu kazi yote ya mpasuaji.

Rangi nazo hubadilika. Lenzi ya mzee huwa imegeuka manjano kwa miaka mingi, nayo huizuia buluu. Ikiisha kuondolewa, buluu huja kwa nguvu isiyozoeleka, na nguo nyeupe huonekana kama imetiwa buluu ya kufulia. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, aliyepasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, alilalamika sana juu ya rangi zake, akajaribu miwani ya rangi mbalimbali. Ikiwa mtu aliyeishi kwa kuzijua rangi alitaabika hivyo, tusimdharau bibi wa Gumbo asemapo kwamba mtama sokoni haufanani na mtama alioujua.

Usiku taa za magari huzungukwa na viduara kama mwezi uliozingirwa na mawingu mepesi, na wengine huona kivuli cheusi chenye umbo la hilali pembeni, upande wa panja. Mambo haya hutokana na nuru kupita kandokando ya lenzi mpya, na wengi huyasahau baada ya majuma au miezi, ubongo ukiisha kuzoea. Tena, aliyepasuliwa jicho moja tu huwa na macho mawili yasiyolingana, akakosea kina cha ngazi na kumwaga chai pembeni ya kikombe. Miwani hupimwa baada ya majuma manne hadi sita, jeraha likiisha kutulia. Anunuaye sokoni kabla ya hapo hupoteza fedha zake.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa subira si fadhila. Jicho lililokuwa likiona vema, kisha katika juma la kwanza likauma, likawa jekundu na kuzidi kiza, huenda limeingiwa na vijidudu ndani, na saa chache tu zaweza kulipofusha. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku usiwe udhuru. Vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kiza kinachoshuka kama pazia, ni dalili za retina, yaani utando wa ndani upokeao nuru, kubanduka, nazo ni za haraka vilevile. Kufifia kwa katikati ya taswira baada ya mwezi au zaidi huweza kuwa uvimbe wa retina, nao hutibika kwa matone. Na ajaye baada ya mwaka mmoja au miwili akidai kwamba mtoto wa jicho amerudi, hakurudi: ni utando wa nyuma ya lenzi mpya ulioingia ukungu, nao hutobolewa kwa mwali wa leza katika dakika chache.

Mwaka 2011 madaktari wa macho kutoka Marekani walifika Duk, katika Jonglei, kwa juhudi za John Dau, mwana wa nchi hii, wakawarudishia watu nuru. Kazi za namna hiyo nazistahi kwa moyo wote. Ila mpasuaji ajaye kwa muda huondoka, na maswali ya juma la tatu humkuta muuguzi au mhudumu wa kijiji. Sisi tuna afadhali: kituo cha macho cha Buluk kiko mjini Juba, ng'ambo ya mto Naili, na tangu mwaka 2022 lipo Daraja la Uhuru lililojengwa na Wajapani.

Kwa hiyo naomba kila apasuliwaye wa Gumbo, na hasa wa kambi ya Don Bosco ya waliokimbia vita, atembelewe siku ya tatu, siku ya saba na juma la sita. Afunikwe jicho lisilopasuliwa, ahesabu vidole kwa mbali, aulizwe kuhusu maumivu kwa lugha ya nyumbani kwake, na chupa yake ya matone itazamwe kama inapungua. Nauli ya bodaboda ya kumvusha mto saa ya dharura itengwe kabla ya upasuaji, na mwenye kuishika ajulikane kwa jina na mgonjwa mwenyewe.