Ukiona Miguu, Si Nyoka
Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi, Kikambala

 

Mvua za masika zikikaribia, sote tunasafisha mashamba. Tunafyeka na kukusanya majani makavu. Mara kitu chembamba chenye kung'aa kinachomoka chini ya majani, kikijinyonganyonga. Mtu anapiga ukelele, "Nyoka!" na panga linashuka.

Huenda huyo si nyoka. Ukanda wetu wa Pwani una mjusi mdogo ambaye wataalamu humwita Mochlus sundevallii. Alielezwa kisayansi mwaka 1849. Anaishi msituni, nyikani na hata mashambani. Ana miguu minne, lakini ni mifupi mno, na akikimbia hujipinda kama nyoka. Hana sumu. Akikamatwa mkia, mkia hukatika, naye huponyoka. Baadaye huota mwingine.

Chakula chake ni wadudu, mchwa wakiwemo. Sisi tunaojenga kwa boriti na fito tunaijua hasara ya mchwa. Mjusi huyu hatawamaliza, lakini kila anayemla mmoja ametupunguzia.

Hata hivyo, sisemi mumshike. Nyoka wenye sumu wapo Kilifi, na wengine ni wadogo, huishi chini ya udongo na majani. Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

Kwanza, rudi nyuma, utazame ukiwa mbali. Ukiona miguu, mwache aende zake. Usipoiona, usikaribie.

Pili, vaa viatu, na ufukue majani kwa reki au jembe, si kwa mkono.

Tatu, msichome majani yote. Yarundikeni mbali na nyumba, chini ya minazi na mikorosho. Yataoza yawe mbolea, na mjusi atapata makao.

Nne, mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msifyonze jeraha wala kulikaza kwa kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe hospitali mara moja.

Wazazi, wafundisheni watoto jambo hili. Mtoto anayejua kusimama mbali na kutafuta miguu kwa macho yuko salama kuliko anayekimbilia fimbo, na mjusi naye atapona.